Mafunzo Saba Niliyopata kwa Bi Genoa Keawe, Mwimbaji wa Sauti ya Juu wa Hawaii

Mwimbaji ninayemrudia kuliko wote alizaliwa mbali sana na kwetu, jijini Honolulu, visiwani Hawaii, tarehe 31 Oktoba 1918. Wazazi wake walimwita Genoa Leilani Adolpho. Baada ya kuolewa na Edward Puniwai Keawe-Aiko, watu wakamjua kwa jina la Genoa Keawe. Kwao mwanamke mtu mzima huitwa Aunty hata na wasio ndugu zake, na mimi nitamwita Bi Genoa, kwa heshima ya kwetu. Alifariki tarehe 25 Februari 2008 akiwa na miaka 89, na karibu hadi mwisho huo alikuwa bado anapanda jukwaani.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Kazi yangu ni pumzi, koo na masikio ya watu wengine: mama ntilie, makarani, vijana wa sekondari, wazee waliostaafu, wote wanaokuja jioni wamechoka na bado wanataka kuimba. Rekodi za Bi Genoa zimebadili namna ninavyowasikiliza watu hao na namna ninavyowafundisha. Haya saba ndiyo niliyoyapata kwake. Yote yana shina moja: sauti hudumu pale inapotumikia watu.

1. Mahali sauti inapovunjika pana uzuri wake

Kila mtu ana sauti zaidi ya moja. Ile ya chini, nzito, tunayoongelea kila siku, waimbaji huiita sauti ya kifua. Ile ya juu, nyembamba, huiita sauti ya kichwa. Katikati yake pana mpaka. Nyuzi za sauti zikiwa nene na fupi hutoa ile ya kifua. Zikivutwa zikawa ndefu na nyembamba hutoa ile ya juu. Na mabadiliko hayo yakija ghafla, msikilizaji husikia sauti imekatika na kuanza upya. Kwaya nyingi zilizolelewa katika uimbaji wa Kizungu hutumia miaka kuuficha mpaka huo, ili sauti ipande kutoka chini hadi juu pasipo mtu kujua imevukia wapi.

Wahawaii wamekwenda njia nyingine. Uimbaji wao wa sauti ya juu huitwa kwa Kihawaii "leo kiʻekiʻe", na ule mvunjiko huitwa "haʻi". Mwimbaji huuendea mwenyewe, akauweka kwenye silabi anayoitaka na kuupamba. Wanaume kama Bill Aliʻiloa Lincoln wa Kohala, au ndugu wawili Richard na Solomon Hoʻopiʻi wa kijiji cha Kahakuloa kisiwani Maui, walijijengea jina kwa kupanda juu kabisa na kukaa huko. Kwa wanawake utamu mwingi uko kwenye kule kuvuka. Bi Genoa huanza chini kwa sauti ya kifua iliyojaa, kisha katikati ya neno anaruka, na sikio hupata mguso mdogo, kama komeo la mlango linavyolia likifunguka.

Nilipolielewa hilo nikaanza kulifanyia kazi mazoezini. Namwambia mwanakwaya aimbe irabu moja, tuseme "a", kwenye do ya chini, kisha aruke hadi sol bila kuburuza sauti na bila kukaza shingo. Mkono wake uwe juu ya koo. Mara nyingi anahisi koo limejipanga upya chini ya vidole, na sauti inakatika. Hapo ndipo wengi husimama kwa aibu, wakidhani wameharibu. Nawaambia waendelee, na wairudie pale pale. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili ambaye siku zote alikuwa akipandisha sauti ya kifua kwa nguvu mpaka mishipa inamtoka. Aliporuhusiwa kuiacha ivunjike, mabega yake yalishuka, na noti aliyokuwa akiipigania ikatoka kwa wepesi. Siku hizi ndiye anayewaonyesha wageni zoezi hilo.

2. Asili hujengwa, na hujengwa kwa vingi

Ukitafuta uimbaji huu ulikotoka, hukuti chemchemi moja. Wahawaii walikuwa na oli, kughani kwa kale, ambako sauti hutetemeshwa na kukatwa kwa ustadi. Mwaka 1820 wakaja wamisionari kutoka Marekani na tenzi za sauti nne. Miaka ya 1830 wakaja wachunga ng'ombe kutoka Mexico, wakaleta gitaa na nyimbo zao za usiku. Mwaka 1872 akaja Henri Berger, mwanamuziki kutoka Prussia, akaiongoza bendi ya mfalme kwa miongo mingi. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ikateremsha Wareno kutoka kisiwa cha Madeira wakiwa na vigitaa vyao vidogo, na kutoka kwenye hivyo ikazaliwa ukulele ya nyuzi nne.

Bi Genoa aliimba akiwa na ukulele mapajani, na leo hakuna anayeuliza kama ukulele ni ya Hawaii. Wamekipokea chombo, wakakirekebisha, wakakitungia nyimbo zao, wakakilea vizazi. Kwenye kwaya zetu hubishaniwa sana kama kinanda au gitaa la umeme vinaua asili. Siku hizi nauliza swali lingine: hiki tulichokipokea, tumekifanyia kazi kiasi cha kukifanya chetu? Kama tumekifanyia, ni chetu. Kama tumekinakili tu, tuna kazi ya kufanya.

3. Neno litangulie sauti

Mwaka 1896, miaka mitatu baada ya ufalme wa Hawaii kupinduliwa, sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Lugha ya Kihawaii ikafukuzwa darasani, na watoto wengi wakakua wakiamini kuwa lugha ya bibi zao haina mahali. Bi Genoa alizaliwa miaka 22 baada ya sheria hiyo. Utoto na ujana wake wote ulipita katika kipindi ambacho lugha ilikuwa ikipungua midomoni mwa watu, na katika kipindi hicho hicho yeye alichagua kuiimba. Mwaka 1978 Kihawaii kilitambuliwa katika katiba ya jimbo kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya chekechea ya Pūnana Leo, ambako watoto hulelewa kwa Kihawaii. Wakati huo tayari kulikuwa na hazina ya nyimbo zilizotamkwa vizuri, wazi, kwa sauti za watu kama yeye. Wimbo ulikuwa umeihifadhi lugha miaka ambayo shule iliikataa.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna ukaribu wa pekee na nyimbo hizo. Silabi ya Kihawaii daima huishia kwenye irabu, na irabu zao ni zile zile tano: a, e, i, o, u. Ndiyo maana mwimbaji anaweza kuvuta noti popote apendapo. Hakuna konsonanti ya kuifunga. Lugha yetu karibu yote inatupa nafasi hiyo hiyo, na mara nyingi tunaipoteza kwa kumeza mwisho wa maneno.

Kuna jambo jingine ambalo mpenzi wa taarabu atalielewa mara moja. Nyimbo nyingi za Hawaii hutaja mvua ya mahali fulani, ua fulani, meli, upepo, na ndani yake kuna mtu anayependwa au jambo lisilosemwa hadharani. Wao huliita jambo hilo kaona. Mswahili aliyezoea mafumbo ya taarabu anajua kuwa fumbo halifanyi kazi kama maneno hayasikiki. Kwa hiyo kwenye mazoezi yangu wimbo mpya huanza kwa kusomwa. Tunausoma kwa sauti kama watu wanaoongea, ubeti kwa ubeti, mpaka kila mmoja aweze kueleza unasema nini. Nota huja baadaye.

4. Pumzi ndefu ni mali ya wimbo

Wimbo uliomtambulisha Bi Genoa zaidi ni "Alika". Ndani yake hufika mahali anaishika noti moja ya juu na haiachi. Ukulele inaendelea, besi inaendelea, gitaa la kuteleza linajibu, koda zinabadilika chini yake, na noti ipo pale pale, imenyooka. Wasikilizaji huanza kushangilia kabla hajamaliza, kisha kelele zinapungua kwa kuwa wanasubiri kuona itaishia wapi. Hata alipokuwa bibi wa miaka 80 na zaidi aliendelea kuishika.

Nimeisikiliza sehemu hiyo kama mwalimu, nikitafuta siri yake. Kwanza, noti haianzi kwa kishindo. Huanza kwa kiasi, kwa sababu anayetumia hewa nyingi mwanzoni hana ya mwisho. Pili, haitetemeki kwa uchovu, na hilo hutokana na mbavu kubaki wazi huku hewa ikitolewa kidogo kidogo. Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi, akimaliza anaingia kwenye mstari unaofuata kwa mapigo yale yale. Hasimami kupokea makofi. Wimbo unaendelea, na yeye yumo ndani yake.

Waimbaji wengi wenye vipaji hufika kwenye noti yao nzuri wakasahau waliko. Kiongozi wa kinanda anawangoja, wenzao wanawangoja, na ubeti unalegea. Sasa nikimpa mtu noti ndefu namwomba aifanyie mazoezi pamoja na mstari unaoifuata. Asiyeweza kuingia kwa wakati kwenye mstari ule, noti bado ni ndefu kupita pumzi yake, na tunaipunguza mpaka iwe ya kwake. Na pumzi hukua. Nimeiona ikikua kwa watu wa umri wa miaka 60.

5. Anayeimba anamtumikia anayecheza

Nyimbo nyingi za Bi Genoa ni za hula, na hula ni ngoma ambayo mikono na viuno vya mchezaji husimulia maneno. Muundo wa nyimbo hizo umetengenezwa kwa ajili yake. Beti ni fupi, mara nyingi mistari miwili, na kila ubeti huimbwa mara mbili ili mchezaji aucheze upande mmoja kisha mwingine. Kati ya beti vyombo hupiga kipande kifupi cha koda tatu kinachorudiwa, mchezaji akapata nafasi ya kujipanga. Kabla ya ubeti mpya mtu mmoja huita maneno yake ya kwanza, ili anayecheza na wanaopiga wajue wanakwenda wapi. Ubeti wa mwisho hutangaza wenyewe kwamba kisa kimekwisha kusimuliwa.

Bi Genoa aliufahamu utaratibu huo mpaka ndani ya mifupa. Albamu yake ya *Party Hulas*, ya miaka ya 1960, bado inapendwa na walimu wa hula kwa sababu mwendo wake hauyumbi na maneno yake yanasikika. Mchezaji anaweza kuiegemea. Sauti ile yote ya juu, yenye uwezo wa kunyamazisha ukumbi, ilikubali kuhesabu mapigo kwa ajili ya miguu ya mtu mwingine.

Hilo limenibadili hasa kanisani, kwenye maandamano ya vipaji, yaani matoleo. Wapo wazee wanaopanda kuelekea altareni na kapu la mahindi au kuku mikononi. Wapo watoto waliofundishwa hatua mbili mbele na moja nyuma. Kwaya ikikimbia, wanajikwaa. Ikichelewa, mstari unakwama katikati ya kanisa. Nimemweka mwanakwaya mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia miguu ya wanaoandamana na kunipa ishara. Naye huita maneno ya kwanza ya ubeti, kama wafanyavyo Hawaii. Waumini ambao zamani walinyamaza kwa kutojua ubeti gani unakuja, sasa wanaimba.

6. Malezi na muziki vinaweza kukaa nyumba moja, na kazi yako uimiliki

Bi Genoa alizaa watoto 12. Alianza kuimba kanisani Lāʻie, kijiji cha Wamormoni kaskazini mwa kisiwa cha Oʻahu. Baadaye akaimba Kailua, kwenye jukwaa la bendi na kwenye klabu za maofisa wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kipindi cha redio cha John Kameaaloha Almeida, mtunzi mahiri aliyekuwa kipofu, ndicho kilichompeleka kwenye nyumba za watu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940 akarekodi wimbo wa Almeida, "Maile Swing", kwa kampuni iliyoitwa 49th State. Jina hilo lilibeba matumaini kwamba Hawaii ingekuwa jimbo la 49 la Marekani. Alaska ikatangulia, na Hawaii ikaingia Agosti 1959 kama jimbo la 50.

Mwaka 1966 alifungua kampuni yake mwenyewe ya kurekodi, Genoa Keawe Records. Fikiria mama wa watoto 12, Mhawaii, katika biashara iliyotawaliwa na wanaume na hoteli za watalii, anaamua kwamba sauti yake, uchaguzi wa nyimbo na kanda zenyewe vitakuwa chini ya paa lake. Nalitafakari hilo kila nikikutana na kwaya zilizorekodi albamu bila karatasi ya makubaliano, halafu baada ya muda zinasikia nyimbo zao zikiuzwa na mtu mwingine, hata majina ya watunzi hayamo. Tangu nimsome Bi Genoa, kwaya yangu haiingii studio kabla ya kuandika nani ametunga, nani amepanga sauti, nani anashika nakala kuu, na mapato yanagawanywa vipi. Ni ukurasa mmoja tu. Unaokoa urafiki mwingi.

Na watoto? Zamani kina mama waliojifungua walikuwa wakiaga kwaya kana kwamba wamefiwa. Tumetandika mkeka nyuma ya sauti ya tatu. Watoto wanalala hapo, wanacheza hapo, na wengine wameanza kushika nyimbo kabla ya kujua kusoma. Mazoezi yana kelele kidogo, na waimbaji wetu wazuri wamebaki.

7. Fundisha ungali unaimba

Hakuna aliyeanza mwenyewe. Kabla ya Bi Genoa alikuwepo Lena Machado, aliyezaliwa mwaka 1903, mtunzi na mwimbaji aliyepanda jukwaani na Royal Hawaiian Band na kuuonyesha umma jinsi haʻi ya mwanamke inavyoweza kuchezewa. Baada ya Bi Genoa wamekuja wengine, kama Raiatea Helm wa kisiwa cha Molokaʻi, aliyezaliwa mwaka 1984. Kati ya Bi Genoa na Raiatea pana umri wa bibi na mjukuu, na bado ukiwasikiliza wote kwa mfululizo unasikia ukoo mmoja.

Ukoo huo umedumu kwa sababu Bi Genoa aliwaweka wadogo karibu yake wakati yeye mwenyewe bado ana nguvu. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa na usiku wake wa kila Alhamisi katika hoteli ya Waikīkī Beach Marriott. Mwanawe Gary alipiga besi. Mjukuu wake Pomaikaʻi aliimba naye, na leo anaendelea kuzipeleka nyimbo hizo mbele. Heshima kubwa zilimfikia uzeeni: mwaka 2000 alipewa tuzo ya National Heritage Fellowship, heshima ya juu kabisa ya Marekani kwa wasanii wa jadi, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Hawaii kikamtunuku udaktari wa heshima. Alhamisi zikaendelea kama kawaida. Tuzo hazikumtoa kazini.

Kwetu mara nyingi tunangoja. Mwalimu hukabidhi kijiti akiwa mgonjwa, au hakikabidhi kabisa, na siku ya mazishi yake ndipo tunagundua kuwa nyimbo nusu zilikuwa kichwani mwake tu. Kwa hiyo tumeweka utaratibu kwenye kwaya yetu: kila mwenye kuongoza wimbo ana mtu wa pembeni anayejifunza wimbo ule ule, na mara kwa mara kiongozi huimba ubeti wa kwanza akamwachia mwanafunzi ubeti wa pili mbele ya waumini wote. Mwanzoni wakubwa walihofia kupoteza nafasi. Sasa wamejionea kuwa mtu akifundisha husikiliza zaidi, na akisikiliza zaidi huimba vizuri zaidi.

Ukipenda kuanza, msikilize Bi Genoa akiimba "Alika", kisha chukua wimbo mmoja unaoupenda wa lugha yako. Usome maneno yake mpaka uyajue. Tafuta mahali sauti yako inapovunjika na uache kuikimbia. Kisha, kabla hujafika popote unapopaita mafanikio, mwite mtu mmoja mdogo kwako mwimbe pamoja. Bi Genoa aliimba hadi karibu miaka 90 na nyimbo zake zina wenyewe hadi leo, kwa kuwa hakungoja kuzeeka ndipo azigawe.